Nilimsingizia Mungu Trekta Nyekundu

Ndugu msomaji, mimi ni mwongo. Nimeanza na neno hilo kwa sababu nikilizunguka nitalikimbia, na nimelikimbia vya kutosha. Nilisema uongo kanisani, mbele ya waumini, nimefunga tai, na uongo wenyewe niliutia kinywani mwa Mungu!

Jina langu sitalitaja. Ujue tu kwamba mimi ni Mkongomani wa Kivu ya Kusini, nimezeeka hapa Nakivale, makazi ya wakimbizi nchini Uganda, na kwa miaka mingi nilikuwa mzee wa kanisa. Siku tulipopokelewa kwenye kituo cha Kabazana, kabla hatujapewa kiwanja, nilipiga magoti kwenye vumbi nikamshukuru Mungu kwa turubai na unga. Magoti haya yamezoea sakafu. Yakumbuke magoti haya, maana siku moja tu yalikataa kukunjika, na siku hiyo ndiyo iliyoniharibia uzee wangu.

Kanisani kwetu tulikuwa na kikundi cha wakulima, watu kumi na wawili. Misimu mingi tuliweka kando sehemu ya mahindi na maharage, mpaka tukaweza kununua trekta ndogo ya mitumba. Hatukutaka mashine ya mashamba makubwa. Tulitaka kitu cha kazi za nyumbani: kulima vipande vyetu vya mteremkoni, kubeba kuni na matofali, kupukuchua mahindi, na zaidi ya yote kuendesha pampu ya maji wakati wa kiangazi. Wake zetu walikuwa wanapanda kilima na madumu kichwani toka ziwani, na bado nyanya zilikauka. Maji ndiyo yalikuwa moyo wa jambo lote.

Tulitumwa watu wawili kwenda mjini Mbarara kuchagua: mimi na Mama Furaha. Mama Furaha ni mjane, ana sauti nene na mikono iliyopasuka. Baba yake alikuwa fundi wa matrekta kwenye mashamba ya miwa kule bondeni kwetu, na yeye alikua akimshikia baba yake spana. Kikundi kizima hakikuwa na mtu aliyezijua mashine kama yeye. Na hilo nililijua! Nililijua vizuri kabisa!

Upande wa Kakoba, kwenye yadi ya muuzaji, tulikuta trekta mbili za kiasi chetu. Moja ya buluu iliyopauka, fupi, ya magurudumu membamba, kiti kimeshonwa kwa waya. Ya pili nyekundu, inang'aa kama kiatu cha bwana arusi, taa nne mbele, kiti kirefu, na paa la kivuli juu.

Mvua ilikuwa imenyesha. Mama Furaha alikaza kitenge chake, akalala chali kwenye matope, akaingia chini ya ile ya buluu. Akatoka, akaingia chini ya nyekundu. Alipotoka mara ya pili alikuwa na oili kwenye paji la uso.

"Muzee, kuya uone mwenyewe," akaniambia. "Hii nyekundu, ile chuma ya nyuma haiko. Balikata na musumeno, bakafunika na bati, bakapaka rangi. Sasa pompe ya maji tutaizungusha na nini? Na vidole?"

Chuma hicho ndicho hutokeza nyuma ya trekta na kuzungusha mashine nyingine: pampu, mashine ya kupukuchua, na kadhalika. Trekta isiyokuwa nacho inaweza kuvuta tu.

"Tena ni ndefu," akaendelea. "Kule kwetu itageukia fasi gani? Mu maharage ya batu?"

Nilichotakiwa kufanya ni kupiga magoti nikachungulie. Dakika moja! Lakini nilikuwa nimevaa suruali yangu ya kijivu ya Jumapili, imepigwa pasi hadi mstari umesimama kama kisu. Nikayatazama matope. Nikautazama mstari wa suruali. Sikupiga magoti.

Muuzaji akaniona nasitasita. "Ssebo, mzee, wewe panda! Hii si ya kuangalia chini. Hii ni ya kukaa juu!"

Nikapanda. Ee ndugu yangu! Toka kile kiti niliona barabara yote, boda boda zikipita chini yangu kama mbuzi. Muuzaji akapiga makofi: "Banange! Mzee nafanana minista! Hata polisi atapiga saluti!"

Mama Furaha akajibu toka chini, akijipangusa matope: "Minisitiri bila maji."

Wafanyakazi wa yadi wakacheka. Moyoni mwangu kitu kilifunga mlango. Mwanamke anifanye nichekwe mbele ya watu! Mimi, ninayembariki kila Jumapili! Hapo ndipo nilipochagua ile nyekundu. Sikuichagua kwa injini wala kwa bei. Niliichagua kwa hasira na kiti kirefu.

Tuliporudi, kikundi kilitusikiliza wote wawili, na karibu wote waliegemea upande wa Mama Furaha. Nikaona ninashindwa. Basi nikasema, "Wapendwa, jambo hili ni kubwa. Tufunge siku tatu tumuulize Bwana." Wakasema amina. Nani atakataa kufunga?

Hapa lazima nikueleze. Kwetu, mtu mzima akisimama na kusema "Bwana amenionyesha," mjadala umekwisha. Hakuna anayeinua mkono. Niliujua mwanya huo kama mwizi anavyolijua dirisha bovu la nyumba. Jumapili nikasimama nikasema nimeonyeshwa kitu chekundu kikishuka kilimani, chekundu kama damu ya Mwana-Kondoo, na nyuma yake mashamba ya kijani kibichi.

Nilisema hivyo! Kwa kinywa hiki! Sikuwa nimeona chochote. Siku zile tatu nililala fofofo.

Watu wakapiga vigelegele. Mama Furaha peke yake alisimama. Hakuwa na kiburi, alikuwa kama mtu anayeona mtoto akielekea motoni. "Muzee," akauliza, "na ile chuma ya nyuma, Mungu alikuonyesha nayo? Sababu mimi niliangalia, haiko."

Wengine walianza kucheka. Nikapaza sauti: "Dada yetu anamjaribu Bwana!"

Kicheko kilikatika. Wiki ile baraza la wazee lilikaa, na mimi ndani yake, tukamtenga. Asishiriki meza ya Bwana, asiimbe katika kwaya, aondoke katika kikundi, mpaka atakapotubu. Atubu nini? Kwamba ana macho?

Trekta nyekundu ilikuja juu ya lori. Tuliipokea kwa ngoma, tukaimwagia mafuta ya upako kwenye boneti. Siku ya kwanza ya kulima, ilipofika mwisho wa kipande ikakosa mahali pa kugeukia, ikaingia katika maharage ya jirani kama Mama Furaha alivyosema. Karibu na ziwa ikazama hadi ekseli. Kiangazi kilipoingia tukaleta pampu, na hapakuwa na mahali pa kuifunga.

Nilimwita fundi toka Mbarara, nikahakikisha anakuja siku ambayo wenzangu hawapo. Akaingia chini, akatoka anacheka. "Mzee, nani nachagua hii? Hii kitu walikata zamani! Mlikuwa mnanunua na macho kufunga?"

Je, nilikwenda kuwaambia wenzangu? Ndugu yangu, niliwaambia shetani anapigana na maono! Nikaongoza maombi ya kuvunja laana juu ya chuma ambacho hakipo! Wanawake wakarudi kwenye madumu yao. Nyanya zikakauka msimu ule, na msimu uliofuata. Watu walikuja kuniomba niendelee kuomba, nami niliwawekea mikono. Nikikumbuka nataka kujipiga makofi mbele za watu.

Lakini nyanya si kitu. Nyanya huota tena. Sikiliza hili.

Katikati ya kiangazi cha pili mama mzazi wa Mama Furaha alifariki. Bibi yule alikuwa ameimba katika kwaya yetu tangu kule Kivu. Alivuka mipaka na kitabu chake cha nyimbo kimefungwa kiunoni. Lakini aliishi kwa binti yake, na kwetu kwaya haiendi katika nyumba ya mtu aliyetengwa. Wote wakanitazama mimi. Neno langu moja lingetosha. Ningesema, "Nendeni." Ningeweza hata kusema, "Nilidanganya."

Nikasema, "Utaratibu ni utaratibu."

Bibi yule alizikwa bila wimbo. Nilisimama njiani, mbali kidogo, nikamsikia Mama Furaha anaanzisha wimbo mwenyewe kwa ile sauti yake nene. Aliimba ubeti wa kwanza. Wa pili ulimshinda. Baada ya hapo nilisikia majembe tu.

Nami nilirudi nyumbani nikala!

Wakati huo ile trekta ya buluu ilikuwa imekwisha kununuliwa na kikundi kingine, upande wa pili wa kilima. Wakamchukua Mama Furaha awe dereva na fundi wao. Mashamba yao yakawa ya kijani kibichi, kama nilivyotabiri, ila hayakuwa nyuma ya kitu chekundu. Mungu wetu ana subira na mimi, lakini kicheko chake nilikisikia.

Kisha mke wangu akaanguka na dumu la maji kwenye mteremko, mgongo ukamuuma hata asiweze kuinuka. Siku ya tatu nikasikia injini mlangoni. Mama Furaha alikuwa amekuja na trekta ya buluu, nyuma inavuta tela lenye tangi. Akajaza madumu yetu yote, na sufuria, na beseni la kuogea.

Nikamfuata hadi kwenye tela. "Mama Furaha, Mungu akubariki..."

"Haya ni maji ya mama mwenye alianguka," akanikata. "Wewe Muzee, omba yako kwa ile nyekundu." Akawasha injini akaenda.

Mke wangu alilala pale mkekani akinitazama. Hajawahi kunipandishia sauti maisha yetu yote. Akasema taratibu: "Baba, ile siku tatu za kufunga, nilikuona. Ulikula muhogo nyuma ya jiko. Nilinyamaza juu nilikuheshimu. Sasa mugongo yangu imevunjika na heshima yako."

Jumapili iliyofuata nilisimama nikasema yote. Maono, muhogo, bati lililopakwa rangi, fundi, kila kitu. Mchungaji akaja akaninong'oneza sikioni: "Muzee, tufunike. Tusiaibishe kazi ya Bwana." Tufunike! Bati tena! Rangi tena! Nilimjibu kwa sauti wote wasikie kwamba kazi ya Bwana haijawahi kuaibishwa na ukweli, tuliiaibisha sisi.

Wakaniondoa katika uzee wa kanisa. Nashukuru, ni haki. Sasa nakaa benchi la nyuma, na trekta nyekundu iko nyuma ya kanisa, kuku wanataga kwenye kile kiti kirefu. Mama Furaha akafunguliwa ile adhabu ya kutengwa, akarudishiwa meza ya Bwana, akaombwa arudi kwenye kwaya.

Nikaenda kwake kuomba msamaha, nimevaa ileile suruali ya kijivu. Nilimkuta anapaka grisi kwenye magurudumu, chini kumelowa. Nikapiga magoti katika matope.

Aliweka chini kopo la grisi. "Simama, Muzee," akasema. "Siku ya kupiga magoti ilikuwa ile ya Mbarara."

Nikabaki chini.

"Mimi nimekusamehe, juu Yesu ananidai hivyo," akasema tena. "Meza mulinirudishia. Lakini mama yangu, kumuimbia mutamurudishia namna gani?"

Kwaya haijapata kurudi nyuma ikamwimbia mtu aliyekwisha kufunikwa udongo.

Kwa hiyo wewe unayesoma, hasa wewe mzee mwenzangu, mchungaji, shemasi, mwenye kikundi: usimtume Mungu kazi zako chafu! Ukitaka trekta, omba, ndiyo, kisha inama uchungulie chini yake. Na kama kuna mtu anayejua kuliko wewe, awe mwanamke, awe mjane, awe amepaka oili usoni, mwache aseme mpaka amalize. Na ukisikia mtu anakuambia "nimeonyeshwa" wakati anashindwa mjadala, muulize alikula nini siku hizo tatu!

Ile suruali niliifua mwenyewe, mke wangu hawezi tena kuinama. Niliogopa matope hayatatoka. Nikapaka sabuni, nikasugua mara mbili, nikaisuuza.

Yalitoka yote, ndugu yangu. Kumbe yalikuwa yanatoka!