Kompyuta Iliyogoma na Wifi Mlangoni

Mpiga picha wa harusi aliishi kwa kaka yake, na yeye na wifi yake walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Asubuhi moja alichomeka waya wa kamera kwenye kompyuta yake mpakato, ikakaa kimya. Akajaribu tundu la pili, wapi! Hata kipanya hakikusogea.

"Wifi, umeimwagia nini kompyuta yangu?" alifoka.

"Mimi? Hata vumbi lake silifuti, nisije nikasingiziwa."

"Mwongo mkubwa we! Jana ilikuwa nzima."

"Jana hiyohiyo si ulinikataza nisiguse swichi, eti inajisasisha? Kaliulize hilo sasisho lako."

Maneno hayo yalimchoma kwa sababu yalikuwa kweli. Aliiruhusu mwenyewe isasishe programu ya ndani, ile inayoamsha vifaa kompyuta inapowaka. Akaizima kompyuta, akachomoa chaja na kila waya, akabana kitufe cha kuwashia mpaka kidole kikauma, umeme uliobaki ndani uishe. Alipoiwasha tena, kamera ikaitika, picha zikaanza kumiminika.

Wifi alikuwa bado amesimama mlangoni, mikono kiunoni, akingoja kuombwa radhi. Mpiga picha alijua hivyo. Akainuka, akamfungia mlango usoni.

"Kaka yako akirudi," wifi alipiga kelele kutoka nje, "atachagua nani abaki humu!"

Mwezi haukuisha, mpiga picha akahama. Hakuna aliyemsindikiza.