Refa wa Hadithi wa Mogogosiek

Ukimtafuta Esnah Nyabate, Mama Velma kwa majirani, pale Mogogosiek, utaonyeshwa duka la fundi wa nguo, na hawatakuwa wamekosea. Sijui ni watoto wangapi wa eneo letu la Konoin wamevaa yunifomu zilizopita kwenye cherehani yake. Lakini ukimuuliza mwenyewe, atakwambia ana kazi mbili, na ya pili huitaja akiwa ameinua kidevu: yeye ni refa wa hadithi.

Mchezo wenyewe uliletwa na binamu yake Atuti, aliyerudi kutoka chuo Nairobi na kitabu cha sheria na dadu ya pande ishirini. Refa husimulia nchi na hatari zake. Kila mchezaji ana shujaa wake aliyeandikwa kwenye karatasi, naye huamua shujaa afanye nini, kisha dadu husema kama amefaulu: namba kubwa hupata, ndogo hukosa. Wanyama na mazimwi hurushiwa dadu na refa. Esnah alikitafsiri kitabu kizima kwa mkono, madaftari manne. Akaondoa majumba ya mawe ya Kizungu, akaweka vilima vya hapa, vya zamani, kabla chai haijapandwa. Wako wenye digrii ambao hawajawahi kumaliza hata daftari moja, lakini tuyaache hayo.

Kila Jumapili baada ya kanisa, watu watatu waliketi kwenye meza yake ya kukatia vitambaa. Kipkorir husomba maziwa kwa pikipiki, na ana kishamba cha chai. Mzee Lazarus alikuwa bawabu wa kiwanda cha chai hadi alipostaafu. Wa tatu alikuwa Janeffer, mchuma chai kutoka Boito, mama wa watoto wawili, asiye na maneno mengi. Shujaa wake aliitwa Taprandich. Siku Taprandich alipomuua Chemosit, lile zimwi la mguu mmoja ambalo bibi wa Kikipsigis hutishia watoto nalo, Janeffer alikihadithia kisa hicho shambani wiki nzima, mpaka wachumaji wenzake wakamwita kwa jina la shujaa wake.

Esnah alikuwa akirusha dadu nyuma ya kipande cha katoni, kama kitabu kilivyoelekeza, ili siri za hadithi zisivuje. Jumapili moja Taprandich alikuwa akishambuliwa na chui. Kipkorir akainuka kuchukua chupa ya chai, akapita nyuma ya refa.

"Nne," Esnah akatangaza. "Chui amekosa."

"Mama Velma," Kipkorir akasema polepole, "hiyo ni kumi na nane."

Mzee Lazarus akaweka kikombe chini. Esnah hakuwa na pa kujificha. "Ni kweli," akasema. "Sikutaka afe."

"Kule kwa kituo cha majani," Kipkorir akasema, "karani akigeuza mizani nisione, hata kama ananiongezea kilo, mimi siwezi peleka majani kwake tena."

Janeffer aliuliza neno moja tu. "Na Chemosit?"

Esnah akainamisha kichwa. "Hata siku hiyo."

Janeffer akakunja karatasi yake mara nne, akajifunga leso, akatoka. Wenzake wakamfuata mmoja mmoja.

Wiki hiyo Esnah alishona mifuko ya mashati upande wa ndani. Kilichomuuma si kukamatwa. Kilichomuuma ni kwamba alimlisha mtu mzima kama mtoto mchanga, kisha akamwacha ajivunie mbele za watu kitu ambacho hakukipata. Wema wa namna hiyo ni dharau iliyovaa nguo za Jumapili. Jumamosi akafunga duka mapema, akaenda Boito.

"Nilidhani nakuhurumia," alimwambia Janeffer mlangoni. "Kumbe nimekuibia."

"Pole peke yake haitoshi, Mama Velma. Turudie hiyo vita. Na hiyo katoni uchome."

Jumapili wote walikuja, hata Kipkorir, ingawa alikaa karibu na mlango. Dadu ikarushwa katikati ya meza, peupe. Taprandich alimjeruhi Chemosit mara ya kwanza, akamjeruhi tena. Kisha ikawa zamu ya zimwi. Dadu ilizunguka, ikatulia, na macho yote yakamgeukia Esnah badala ya dadu.

"Kumi na tisa," akasema. "Taprandich ameanguka. Amekufa, Janeffer."

Mzee Lazarus alilimaliza zimwi, ambalo tayari lilikuwa linachechemea kwa majeraha ya Taprandich. Hakuna aliyeshangilia. Kipkorir alivua kofia, akasogeza kiti chake mezani.

"Huyu hatuwezi acha msituni," akasema. "Tumzike vizuri."

Wakamzika. Mzee Lazarus akawa mchungaji. Kipkorir akasoma wasifu wa marehemu kutoka kichwani, jinsi alivyosimama mbele yao kila penye hatari. Mwisho Janeffer akasimama kuzungumza kwa niaba ya familia, na hawakuwa wamewahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo.

"Hakusaidiwa kwa siri na mtu," akamalizia. "Hiyo ndiyo familia inataka ijulikane."

Esnah alilia, na hakuona haya. Hakuwa amewahi kuionea meza hiyo fahari kama siku ile.

Janeffer akaketi, akachukua karatasi safi, akaandika jina juu yake, kisha akaisukuma mbele ya refa.

"Huyu ni dada yake," akasema. "Amefika matangani. Mwambie anaona nini."