Shati Lililotoka Ziwani

Siku moja ya mvua, nikisubiri nguo zangu kwa dobi wa mtaa wa Mabatini, mama mmoja alileta shati lililolowa akataka likauke upesi. Dobi alilikunja ndani ya taulo kavu, akalikanyaga mpaka taulo likanyonya maji, kisha akalipiga pasi ya mkaa. Mvuke ulipanda ukinuka ziwa.

“Mwenyewe analingoja?” dobi aliuliza.

“Analingoja mochwari. Alizama nalo. Tunamzika leo.”

Nikamwambia, “Pole sana, mama. Lakini mitumba imejaa sokoni. Si ungemnunulia jingine kavu?”

“Nikimvika la mtu mwingine,” alisema taratibu, “atarudi kuuliza la kwake.”

Dobi akaongeza mkaa. Nami, ambaye mashati yangu yote ni mitumba, siku hizi nikisikia hodi natazama kwanza nimevaa lipi.