Mbu wa Chupa ya Jemu

Nianze na upumbavu wenyewe, kabla sijapata njia ya kuuremba. Likizo ya Agosti nilitia mbu kwenye chupa ya jemu, nikazunguka nao kijijini kwetu nikiwaambia watu ni nyumba zipi zimepewa dawa na ni zipi zimepewa hewa. Sikuwa najua. Hakuna aliyekuwa anajua, na hiyo ndiyo ilikuwa maana ya mpango wote.

Kwetu ni karibu na Naitiri, upande wa Bungoma. Mimi nasoma bweni huko Kitale, ambako baridi huwafukuza mbu kabla hawajajitambulisha. Huku nyumbani wanajitambulisha vizuri sana. Ndiyo sababu watu wa utafiti walikuja na karatasi za plastiki, laini na angavu, za kubandikwa ukutani. Nusu zilikuwa na dawa ya kufukuza mbu, nusu hazikuwa na kitu. Kila mtu aendelee kulala kwa neti kama kawaida, halafu baadaye ilinganishwe: je, ile dawa inaongeza kinga, ama ni urembo wa ukuta?

Mama yangu ni mhudumu wa afya wa kijiji. Ana begi la buluu lenye vipimo na dawa za malaria, na anajua kila mtoto hapa alipigwa lini sindano gani. Yeye ndiye aliyezibandika zile karatasi, akifuata nambari zilizoandikwa juu yake. Watu waliogopa. Wengine walisema ni za kuroga, wengine ati zina kamera. Alipita kila nyumba akirudia maneno yaleyale: "Hata mimi sijui yangu ni ipi. Hata hao walionituma hawajui. Tukijua, tutaanza kuchagua, na kazi itaharibika." Wakamkubali, kwa sababu ni yeye.

Halafu mimi nikafunga shule.

Muhula ule tulikuwa tumesoma habari ya majaribio: kunde moja juani, nyingine kabatini. Nikajiona profesa. Ukumbi wangu ulikuwa pale kwenye mashine ya kusaga, mahali watu wanangoja foleni ya unga na hawana kazi ila kusikiliza. Nilikuwa nimekwisha kuingia nyumba kadhaa na chupa yangu, mdomo wake umefunikwa kwa kipande cha neti, nikijifanya nahesabu.

"Niaje, daktari," kijana wa mashine akaniita. "Ya kwetu inasemaje?"

"Ya kwenu? Mbu walicheza kamabeka humo ndani, mabega juu, mabega chini. Hiyo ni karatasi ya kufungia mandazi, bana."

Watu wakacheka mpaka unga ukamwagika. Jirani yetu, bibi kizee ambaye sote tunamwita kukhu, akasogea na karai lake kichwani.

"Na yangu, papa?" akauliza, kama anavyoniita tangu utotoni.

"Kukhu, ya kwako hata mbu walikushukuru kwa makao."

Akacheka na yeye. Mtu akauliza, "Na ya kwenu je?"

Hapa ningeweza kunyamaza. Lakini mchekeshaji akiona mlango wa kicheko uko wazi haulizi unaelekea wapi. Nikatoa chupa ya pili mfukoni, mbu wote chali. "Ya kwetu ni orijino. Mama ni wa serikali."

Nilingojea kicheko. Kikaja kidogo, halafu kikakatika.

"Ati ya mama yako ndiyo ina dawa?" kukhu akauliza.

"Si yeye ndiye aligawa," akajibu mwanamke wa nyuma yake.

Wale mbu sikuwaua kwa dawa ya ukutani. Nilikuwa nimepaka mafuta taa ndani ya kifuniko.

Wiki ile karatasi zikaanza kuhama. Nyingine zikabanduliwa usiku kutoka kwa majirani, nyingine zikatupwa chooni. Yetu iliondoka ukutani tukiwa kanisani. Kukhu aliikunja yake, akamrudishia mama pamoja na neti, ile neti nzuri ambayo haikuwa na ugomvi na mtu. Dada mmoja wa utafiti akaja, akatembea nyumba kwa nyumba akilinganisha nambari, na mwishowe akasema kwa upole kuwa kijiji chetu hakiwezi tena kuhesabiwa.

"Nani aliwaambia?" akauliza.

"Sijui," mama akajibu. "Lakini watu wangu si wezi. Kuna kitu kiliwaogopesha."

Mimi nilikuwa jikoni nikipuliza moto ambao tayari ulikuwa unawaka.

Halafu mjukuu wa kukhu akapata homa. Jioni hiyo nilikuwa nakamua ng'ombe upande huu wa ua, na kila kitu kilisikika. Mama alikuja mbio na begi lake, akabisha hodi kwa kukhu. Mlango ukafunguka kidogo tu.

"Nimpime haraka, kukhu. Ni kidole tu."

"Hapana. Wewe ulijichagulia iliyo nzuri, sisi ukatupa plastiki."

"Nani alisema?"

"Mtoto wako. Alipima na mbu, wa kwenu wakafa, akatuambia mbele ya watu wote. Yule anasoma."

Mlango ukafungwa. Mama hakuondoka. Alisimama pale, begi mkononi, akisikiliza mtoto akilia kwa ndani, mpaka bodaboda ikaja ikawabeba kukhu na mtoto hadi Bungoma hospitalini. Dawa ya malaria ilikuwa ndani ya begi lake. Ng'ombe alipiga ndoo teke, maziwa yakamwagika, na mimi sikuinuka.

Aliporudi kwetu hakunigombeza. Alikaa akaanza kuchambua mboga za saga, jani baada ya jani. Nilitafuta mzaha. Mimi huwa na mzaha wa kila kitu, hata wa matanga. Siku hiyo nilitafuta kote nikakosa.

Simu ikaita. Ni mwenye bodaboda: mtoto amepimwa, ni malaria, ameanza dawa, amelala. Wangerudi kesho kama homa ingeshuka. Mama akamshukuru, akaweka simu chini.

"Wale mbu wa kwetu," akasema, "walikufa na nini?"

"Mafuta taa."

Akachambua majani yote yakaisha. Akasukuma begi la buluu kwa mguu, polepole, hadi likafika kwangu.

"Kesho wakirudi utabeba hili. Utamwambia kukhu habari ya mafuta taa kabla mimi sijafungua mdomo. Na asipotufungulia, utasimama na mimi hapo nje."