Kisu cha Mashoto

Wifi yangu sikumpenda tangu siku ya harusi yangu, na yeye hajawahi kuhangaika kupendwa. Wageni walikuwa bado wanakula alipomwambia shangazi yake, kwa sauti iliyonifikia barabara, kwamba kaka yake ameleta mdomo mwingine wa kulisha. Leo wanangu wanavaa viatu vikubwa kuliko vyangu, na bado ananiita Bi Harusi.

Watu wengine wanamwita Mashoto. Kila kitu hufanya kwa mkono wa kushoto. Utotoni mama yao alimfunga kitambaa kiganjani wakati wa kula ili auache, na hakuuacha, kwa sababu mtu huyo haachi kitu ila kwa ugomvi. Aliolewa, ndoa ikamshinda, akarudi na sanduku moja na ulimi wake, akapewa chumba nyuma ya karakana. Karakana waliachiwa na baba yao, anaiendesha mume wangu. Tunatengeneza mikanda. Mimi nakaa mbele na wateja, mume wangu anashona na kutia vifungo, wifi anakata ngozi.

Alikuwa anakata vibaya, na hilo lazima lisemwe. Anaikandamiza rula kwa mkono wa kulia, kisu kiko kushoto, anaanza vizuri, halafu katikati ya safari kisu kinaiacha rula na kuingia kwenye mkanda. Mume wangu anafoka, naye anafoka zaidi.

"Ni hivi visu vya baba!"

"Baba alivitumia mpaka kufa, hatukumsikia akilalamika."

"Baba alikuwa mtu wa kulia! Vimenolewa upande mmoja, upande wake!"

Siku moja mume wangu alichoka. Alisema ngozi moja zaidi ikiharibika, wifi anatoka mezani. Atang'arisha vifungo, na kukata atapewa mtu mwingine. Wifi akaushika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Hana mume wala mtoto, na chumba anacholala ni cha kupewa. Meza ile ndiyo pekee anayoweza kuiita yake. Nilifurahi, kwa nini niseme uongo.

Baadaye akasema atanunua kisu chake mwenyewe.

"Mchagua jembe si mkulima," mume wangu akamjibu, kisha akanigeukia. "Nenda naye. Asije akagombana na muuza vyuma tukakosa pa kununua misumari."

Muuza vyuma ni mtu wa kitambi, mwenye kijiti cha meno ambacho hakimtoki mdomoni. Alimletea kwanza kisu cha kukunja. Wifi akakifungua, akakitikisa karibu na sikio.

"Kinacheza. Nataka kisichokunjwa, chuma kiingie mpaka mwisho wa mpini."

Akaletewa. Akapitisha kidole kwenye makali.

"Hiki kimenolewa huku na huku. Nataka cha upande mmoja, kama patasi."

Akaletewa rundo zima. Akawa anakilaza kimoja kimoja juu ya kioo cha kaunta, anainama, anachungulia, anakisukuma kando. "Cha kulia. Cha kulia. Hiki nacho cha kulia."

"Mama, kisu hakina mkono," muuza vyuma akasema.

"Wewe ndiye huna macho."

Watu waliokuwa wananunua bomba wakageuka. Mimi nilitamani sakafu inimeze. "Wifi, chukua kimoja twende zetu."

"Bi Harusi, hiki kisu utakata nacho wewe?"

Muuza vyuma naye akapandisha hasira. Akavuta kasha kutoka chini ya kaunta, akalibwaga mbele yetu. "Haya, chagua na takataka! Hivi vimerudishwa na watu."

Alidhani anamtukana. Wifi akaingiza mkono, akatoa kisu kifupi chenye mpini mweusi. "Hicho kiwanda kilikikosea," jamaa akasema. "Kila anayekinunua anakirudisha, eti kinakwenda upande."

Wifi akakilaza. Mteremko wa makali ulikuwa kushoto, na upande wa kulia ulikuwa bapa tupu. Akatoa kipande cha ngozi mkobani, akachukua rula ya mwenye duka bila kuomba, akakata. Ule upande bapa uliiegemea rula mwanzo hadi mwisho, na ukanda ukatoka umenyooka. Akakata tena. Akalipa bila kuaga.

Mchana kutwa alikata. Nilitafuta kasoro kwa rula yangu mwenyewe, sikupata, ikaniudhi. Mume wangu akaja, akapapasa kingo, akanyoosha mkono.

"Lete nijaribu."

Alichukua ngozi iliyo bora, ya mteja aliyekwisha kutoa oda. Kisu mkono wa kulia, rula wa kushoto, kama alivyofundishwa na baba yake. Kufika katikati kisu kikaiacha rula. Mkanda ukatoka na kitambi kama cha muuza vyuma.

Wifi akacheka mpaka akajishika ubavu. "Pole, kaka. Huo ndio mkono wangu, miaka yote hii."

Angenyamaza, yangeisha. Lakini mwanamume kuchekwa kwenye karakana yake, mbele ya mkewe! Akakunja uso.

"Zana za hapa ni za wote. Nakinoa na upande wa pili, kila mtu akitumie."

Akaenda kwenye mashine ya kunolea, akaiwasha. Wifi akamrukia mkono, akasukumwa kwa kiwiko. Ule upande bapa ukagusa jiwe, cheche zikaruka.

"Kaka, nakuomba!" Neno hilo sikuwahi kulisikia kinywani mwake. Akanigeukia, macho yamemtoka. "Wifi!"

Swichi ya ukutani iko nyuma ya kiti changu. Niliizima.

Jiwe likapunguza mwendo, likasimama. Mume wangu akaniuliza nimefanya nini.

"Nimechoka na mikanda yenye vitambi," nikamwambia. "Wanaorudisha wananitukana mimi, si wewe."

Akakitupa kisu mezani, akatoka nje, na chakula changu hakukila siku hiyo. Wifi alikaa na jiwe la mkono akiusugua ule upande bapa mpaka ukarudi sawa, isipokuwa mchubuko mmoja karibu na ncha. Alimtukana kaka yake kwanza, kisha akanigeukia mimi.

"Na wewe ulikuwa unangoja nini, Bi Harusi?"

Bado anakata yeye, na asante hajanipa mpaka leo. Tukigombana anakichukua kile kisu, ananionyesha mchubuko. "Nusu hii ni ya mume wako," anasema. "Nusu hii ni yako, ulivyochelewa."