Karanga za Stesheni

Juzi nilikuwa stesheni ya Dodoma nikisubiri treni ya Tabora, iliyotakiwa kufika asubuhi. Jirani yangu kwenye benchi alikuwa mama wa Kizungu aliyeniambia kuwa alifundisha Hombolo ujanani, na sasa amerudi kututembelea. Alijifunga kanga, viatu kavua, anamenya karanga taratibu.

Mfanyabiashara mmoja mwenye tai, hawa wetu wa soko huria, alizunguka mbele yetu akiitazama saa yake. Mwishowe akatafuta mwenzake wa kulalamika.

"Shikamoo, mama. Hivi kwenu Ulaya treni ingechelewa namna hii?"

"Marahaba, mwanangu. Isingechelewa. Huko nimewahi kila mahali, na sikupata mtu wa kuongea naye."

Akamsogezea karanga. Yule bwana akasita, akakaa, akalegeza tai. Wakaanza na habari za watoto, wakapitia zabibu za Hombolo, wakafika kwa mama mkwe wa yule bwana. Hapo ndipo treni ikaingia.

Sote tukainuka na mizigo. Yule bwana mwenye tai alibaki amekaa, akiyatazama mabehewa kwa uchungu.

"Hawa watu wa reli nao," akaniambia, "sijui wana haraka ya nini."