Santuri Inayomwita Rispa

Mume wangu Cephas ana ugonjwa mmoja: hawezi kuacha kitu kikiwa nusu. Ukimletea redio iliyokufa sauti, atakurudishia redio inayonguruma, antena ameinyoosha, na ule mfuniko wa betri uliopotea zamani ametengeneza mwingine. Tunagawana chumba kimoja hapa soko la Uriri, mimi na cherehani yangu dirishani, yeye na vyuma vyake ukutani, na kila siku nampigia kelele atoe bisibisi zake juu ya sare za wateja wangu. Hasikii. Lakini nitampata wapi mwingine, jamani?

Alhamisi asubuhi akaingia Mama Rispa, mjane wa Boaz, na nyuma yake shemeji yake Caleb akiwa amekumbatia mashine ya santuri. Mama akakalia kiti changu bila kukaribishwa. Siku nyingine ningesema neno, lakini nilimwona alivyokosa raha, nikamwachia.

"Mwanangu," akamwambia Cephas, "mashine imeanza kuangusha sindano. Inaanguka puu! Itaniharibia Boaz."

Hakuwa anatia chumvi. Boaz alipiga gitaa ujanani na akarekodi santuri moja tu, na nakala iliyobaki ni hiyo ya Mama tu. Katikati ya wimbo gitaa linapungua, halafu yeye mwenyewe anaita: "Rispa, nyar Asumbi!" Yaani Rispa, binti wa Asumbi. Jumamosi ilikuwa ukumbusho wake, ndugu wa Mama wangekuja kutoka Asumbi, na Mama alitaka wamsikie shemeji yao. Sindano ikianguka hapo kwenye jina mara chache tu, jina litakwaruzwa liishe.

Na itaanguka hapo hapo, kwa sababu ya pakruok. Kama hujawahi kukaa kwetu kwenye sherehe, nikwambie: muziki ukikolea, mtu husimama akapaza sauti, "Chung'!" Simamisha! Muziki unakatwa, anajisifu, anamsifu mkewe, anasifu ng'ombe hata kama hana, kisha wimbo unaendelea. Kwa bendi hiyo ni rahisi. Kwa santuri, lazima mtu ainue sindano na kuirudisha, na kwa wimbo wa Boaz watu husimamisha pale pale anapoita jina. Kando ya mashine kuna kipini kidogo: ukikivuta, kigingi kinapanda na kuubeba mkono wenye sindano, ukikirudisha, kigingi kinashuka polepole, kwa vile ndani yake kuna mafuta mazito. Nyumbani kwa Boaz kipini hicho kimefanya kazi kuliko punda wa maji.

Cephas akakichomoa kigingi, akakinusa. Akakinusa tena.

"Mzee Caleb, humu mmetia nini?"

Caleb akavuta kifua. "Mo dhiang'." Samli ya ng'ombe, ile anayowekewa mgeni wa heshima. "Mashine ya marehemu kaka yangu niitie mafuta ya baiskeli? Hata!"

Nilicheka mpaka uzi ukanikatikia. Kumbe ndiyo maana! Asubuhi samli imeganda, mkono unaning'inia hewani kama hautaki kazi. Jua likiwaka samli inayeyuka, mkono unaporomoka. Caleb alinuna kidogo, halafu akacheka kuliko sisi wote.

Cephas akasafisha kila kitu kwa spiriti na pamba, akatia tone la mafuta ya silikoni, mazito kama asali. Akakaza skrubu ndogo ya kurekebisha kimo, ili kigingi kikiwa chini kisiuguse mkono, na kikiwa juu sindano iachane kabisa na santuri. Hapo kazi ilikuwa imeisha. Lakini ule ugonjwa! Akagundua kwamba mkono ukiinuliwa unateleza kidogo kwenda nje, kwa hiyo ukishuka wimbo unarudi nyuma. Raba ya juu ya kigingi ilikuwa imelika ikawa laini. Akakata kipande cha tyubu ya baiskeli, akakigundisha hapo, akaniangalia asifiwe.

Tukajaribu. Boaz akaita jina, Caleb akapaza, "Chung'!" Cephas akavuta kipini, Caleb akajisifu weee, kipini kikarudishwa. Mkono ukashuka taratibu, na wimbo ukaendelea pale pale ulipokatwa. Nilitaka kupiga vigelegele.

Mama Rispa akasema, "Amenyamaza."

"Nani, Mama?"

"Boaz. Huwa ananiita tena."

Ndipo tukaelewa. Miaka yote hiyo, kila wimbo ulipokatwa baada ya jina lake, mkono ulirudi nyuma kidogo na Boaz akamwita mara ya pili. "Aliniambia mwenyewe," akasema, machozi yakimtoka, "eti watu wakimsimamisha yeye anafurahi, maana ataniita tena. Sasa nimebaki na mara moja tu."

"Lakini Mama," Cephas akajaribu, "ule ulikuwa ubovu."

"Baba Lorine!" nikamwita Cephas kwa jina la binti yetu. Sikujua nimesimama. "Ubovu wa nani? Toa hiyo raba!"

Mwenzangu, ungemwona! Kumwambia Cephas atoe kazi yenye kasoro ni kumwambia aende kanisani bila suruali. Akashika kiuno, akapumua. Kisha akaibandua raba, akakisugua kigingi kwa pindo la shati, shati nililolifua mimi. Akajaribu, mkono ukateleza kupita kiasi, ukarudisha ubeti mzima. Akakilegeza kispringi kinachouvuta nje, akajaribu tena, akakikaza kidogo, akajaribu tena. Alitumia muda mrefu kuirudisha ile kasoro kuliko alivyotumia kuiondoa, na nilimpenda sana mchana huo, sifichi.

Akaiweka santuri tena. Gitaa likapungua. "Rispa, nyar Asumbi!"

"Chung'!" Safari hii hakuwa Caleb. Alikuwa Mama mwenyewe, amesimama, mkono juu. "Mimi Rispa! Niliyeacha wenye ng'ombe nikamfuata mwenye gitaa, na sijajuta!"

Caleb akapiga makofi. Cephas akarudisha kipini, na mkono ukashuka polepole, bila kishindo.

"Rispa, nyar Asumbi!"

"An ka," akamjibu. Niko hapa.